Kukimbia na asiyeona: maelekezo kwa mwongozaji anayeanza

Mtu asiyeona anayetaka kukimbia hakosi miguu wala pumzi. Anachokosa, katika miji na vijiji vyetu vingi, ni mtu mwingine mmoja aliye tayari kuamka alfajiri, kukimbia naye bega kwa bega, na kumpa habari za barabara kwa wakati unaofaa. Vikundi vya jogingi vimeenea kila mahali, na Jumamosi asubuhi utaona jezi za kila rangi barabarani, lakini ni nadra kumwona ndani yake mkimbiaji aliyeshika kamba pamoja na mwenzake. Gharama haiwezi kuwa sababu, kwa kuwa kifaa kinachohitajika ni kipande cha kamba tu. Wanaoona hawajafundishwa kazi hii, na wengi wao huogopa kumwangusha mtu, kwa hiyo hunyamaza. Maelekezo haya yameandikwa kwa ajili yao. Yanahusu zaidi mbio za barabarani, ingawa sehemu yake inafaa pia kwa matembezi ya milimani, ambayo nitayaeleza baadaye.

Kwamba kazi hii inawezekana, tena kwa kiwango cha juu kabisa, Afrika Mashariki ilikwisha kulithibitisha zamani. Henry Wanyoike, mzaliwa wa Kikuyu nchini Kenya, alipoteza uwezo wa kuona mwaka 1995 baada ya kupatwa na kiharusi akiwa bado kijana, na miaka mitano baadaye alishinda medali ya dhahabu ya mita 5,000 katika Michezo ya Paralimpiki ya Sydney. Katika mbio zile mwongozaji wake aliishiwa nguvu wakiwa wamekaribia kumaliza, na Wanyoike ndiye aliyelazimika kumhimiza mpaka wakafika mstarini. Baadaye alikimbia na Joseph Kibunja, rafiki yake wa tangu utotoni, na mwaka 2004 huko Athens akapata dhahabu mbili, ya mita 5,000 na ya mita 10,000. Mkenya mwingine, Samwel Mushai Kimani, akiongozwa na James Boit, alishinda mita 1,500 katika Paralimpiki ya London mwaka 2012 kwa muda wa 3:58.37. Fikiria maana yake: Boit alilazimika kukimbia kwa kasi hiyohiyo, mkono mmoja ukiwa kwenye kamba, huku akisema.

Hapo ndipo penye sharti la kwanza la mwongozaji. Uwe na akiba ya nguvu kumzidi unayemwongoza, kwa sababu pumzi yako inagawanywa mara mbili: sehemu ni ya miguu na sehemu ni ya maneno. Ukijiona huwezi kutamka sentensi nzima bila kuhema katika mwendo anaoutaka mwenzako, basi mwendo huo ni mkubwa kwako. Katika hali hiyo mwambie waziwazi na umtafutie mwongozaji mwenye kasi zaidi, badala ya kumrudisha nyuma na kumfanya aamini kuwa yeye ndiye asiyeweza.

Mazungumzo yanayotangulia mbio

Kabla ya kufunga kamba za viatu, kaeni mzungumze. Kutoona kuna sura nyingi, na mtu anayekwambia kwamba haoni huenda anatofautisha mwanga na giza, au anaona umbo la mtu lakini si shimo lililo miguuni pake, au anaona vizuri mbele katika tundu dogo kama anayechungulia kwenye bomba huku pembeni pote pakiwa giza. Muulize anaona nini, anaona vipi penye kivuli na penye jua kali, na hali hiyo ilianza lini. Aliyezaliwa haoni mara nyingi hajawahi kuachiwa kukimbia kwa uhuru hata siku moja, kwa hiyo huenda atahitaji muda wa kujifunza hatua yenyewe ya kukimbia; aliyepoteza uwezo wa kuona ukubwani anakumbuka kukimbia, lakini anakumbuka pia kila alichojigonga nacho tangu siku ile. Wote wawili watakimbia, ila hawaanzii mahali pamoja.

Muulize pia anapenda umkalie upande gani. Wapo wanaosikia vizuri zaidi kwa sikio moja, na wapo ambao jicho moja bado lina uoni kidogo, nao hawataki mwili wako uzibe upande huo. Masuala ya afya usiyaonee haya. Mtu mwenye presha ya macho, au aliyewahi kuambiwa kwamba retina yake, yaani utando wa nyuma ndani ya jicho, imechanika au imebanduka, apate kwanza kauli ya daktari wa macho kuhusu mazoezi mazito. Mwenye kisukari abebe kitu chenye sukari, nawe ujue kiko mfuko gani. Mwenye kifafa akueleze dalili zake zinavyoanza.

Maswali haya muulize mwenyewe. Ni jambo linaloonekana dogo, lakini huharibu siku nzima: mtu amekuja na dada yake, na kila mmoja pale uwanjani anamgeukia dada na kuuliza, "Atataka maji?" au "Ataweza kilomita tatu?" Mwenye kiu yupo, anasikia, na ana majibu.

Mara nyingi, hasa kwa vijana wanaoishi nyumbani, utahitaji pia kuzungumza na familia, na hapo heshima ni nusu ya kazi. Nenda nyumbani kwao, bisha hodi, keti. Mama atauliza swali ambalo kila mama huliuliza: "Na mwanangu akianguka je?" Usimwahidi kwamba haanguki, maana siku akianguka neno lako litakuwa limekwisha. Mwambie ukweli: "Mama, anaweza kuanguka, kama ninavyoweza kuanguka mimi. Tutaanzia kwenye uwanja wa shule penye nyasi, tutatembea kabla ya kukimbia, na nakuomba uje mwenyewe uangalie siku ya kwanza." Akija, mpe nafasi aone kazi nzima tangu mwanzo hadi mwisho. Wazazi wengi hawakatai mchezo wenyewe. Wanachokataa ni kumkabidhi mtoto wao kwa mtu asiyejua afanyalo.

Kamba

Kamba ya kuongozea huwa fupi kuliko watu wanavyodhani. Ikinyooshwa isizidi sentimita 30 hivi, na kila ncha iwe na kitanzi cha kuingiza vidole. Kamba nene ya viatu inafaa, na vilevile kipande cha kanga kuukuu kilichokunjwa na kushonwa. Kamba ya katani iache, kwa sababu inachubua vidole mara jasho linapoanza, na usitumie mpira au kitu chochote kinachovutika: katika mashindano rasmi kamba inayovutika hairuhusiwi, na hata mazoezini inachelewesha habari, maana mkono wako unakuwa umeshageuka ilhali wake bado haujasikia kitu.

Kamba hushikwa kwa vidole, haifungwi kwenye kifundo cha mkono. Sababu ni kwamba mmoja akianguka, mwingine aweze kuiachia. Kushikana mikono moja kwa moja kunafaa kwa hatua chache za kuvuka mahali pabaya, lakini kwa kilomita nzima viganja vinalowa jasho, bega linakakamaa, na mkimbiaji anapoteza mzungusho wa mkono ambao ndio unaoisaidia miguu.

Sasa jambo ambalo wengi hawaelezwi. Mikono yenu miwili iliyoshika kamba inatakiwa iende mbele pamoja na kurudi nyuma pamoja. Kama wewe uko kushoto kwake, mkono wako wa kulia na mkono wake wa kushoto vinakwenda kama mkono mmoja, na kwa sababu hiyo miguu yenu ya nje inatua kwa wakati mmoja na ya ndani kwa wakati mmoja, kama mtu na taswira yake kwenye kioo. Ni wewe unayefuata hatua yake, si yeye afuate yako. Ikiwa wewe ni mrefu zaidi, fupisha hatua. Mwongozaji mwenye kimo kinachokaribiana na cha mkimbiaji ana kazi nyepesi, lakini tofauti ya kimo haizuii chochote mkishazoeana.

Kamba si ya kuvutia. Kanuni za mashindano zinamkataza mwongozaji kumvuta au kumsukuma mkimbiaji, na kanuni hiyo ina maana hata kwenye mazoezi ya kijijini: mtu anayevutwa hupinda mgongo, hukanyaga kwa visigino, na hajui tena kasi yake mwenyewe. Kamba inapokaa imelegea kidogo kati yenu, kila kitu kiko sawa.

Siku ya kwanza uwanjani

Kabla hujamwongoza mtu, ongozwa. Funga macho yako kwa kitambaa kizito, mpe kamba mtu mwenye uzoefu, au ikikosekana mtu huyo, rafiki mwangalifu, kisha tembea naye na baadaye ukimbie polepole. Utagundua kwamba ukimya wa mwongozaji unatisha kuliko shimo, na kwamba neno likichelewa sekunde moja halina faida tena. Hakuna maelezo yanayofundisha hilo kama dakika chache za giza. Zoezi hilo halikufanyi ujue maisha ya asiyeona yalivyo, na usijidai kwamba sasa unayajua; linakufundisha kazi ya mwongozaji tu.

Kwa mkimbiaji, anza kwa kutembea. Mwache akushike mkono juu kidogo ya kiwiko, nawe utangulie nusu hatua, mzunguke uwanja mzima huku ukimweleza: tumefika kwenye goli, sasa nyasi zimeisha na kuna mchanga, lango la shule liko kushoto kwako. Kisha tembeeni kwa kamba. Kisha harakisheni. Mkiwa tayari, kimbieni kutoka goli moja hadi jingine na kurudi kwa kutembea.

Mtazame katika mbio hizo za mwanzo. Mara nyingi mkono wake ulio huru utakuwa umetangulia mbele ya kifua, vidole vimekunjuliwa. Kiwiliwili kimeegemea nyuma, na mguu unatua mzito kwa kisigino ukiipima ardhi kabla ya kuiamini. Usimwambie aushushe mkono ule. Endelea kusema yaliyo mbele, kweli na kwa wakati, nao utashuka wenyewe, siku hiyo au wiki ijayo. Ukishuka, na mabega yakalegea, na mwili ukaanza kuelekea mbele, ndipo utajua kwamba barabara inakaribia.

Usiende barabarani kabla ya hapo.

Maneno ya njiani

Kubalianeni maneno kabla, yawe machache na mafupi, na kila neno liwe na maana moja. "Kulia" na "kushoto" ni kwa kona kamili, "kulia kidogo" na "kushoto kidogo" kwa kukwepa. "Tuta" ni tuta la barabarani, na linahitaji hesabu: "Tuta, tatu, mbili, moja, panda," kisha "shuka." "Inua" ina maana ya kunyanyua mguu zaidi kwa sababu ardhi ina mawe au mizizi. "Finyu" ina maana kwamba njia imebana, aje nyuma yako. "Simama" ni kusimama palepale, na neno hili lisitumike kwa jambo jingine lolote, wala usilitumie kwa mzaha, maana siku moja litakuwa la kuokoa maisha.

Yako maneno ya kuyaacha kabisa. "Angalia!" halisemi chochote kwa asiyeona, na hata kwa anayeona halisemi kitu cha kuangaliwa. "Hapa," "pale," "huku" ni maneno ya kidole, na kidole chako hakionekani. "Pole!" baada ya kujikwaa si habari, habari ilitakiwa itangulie. Mtindo wa kutaja pande kwa uso wa saa, ambao hutumika katika nchi nyingine, sikushauri utumike kwetu: saa tatu ya asubuhi mshale wetu unaelekea kwenye tisa, na barabarani hakuna muda wa kuamua ni saa ipi inayokusudiwa.

Habari ya kitu hutolewa kwa mpangilio huu: kitu chenyewe, umbali wake kwa hatua, na la kufanya. "Mtaro, hatua tano, kushoto kidogo." Ukikwisha kupita, sema "safi," ili ajue hatari imeondoka na aache kujikaza. Waongozaji wapya wengi hukosea hapo: hutangaza hatari, wasitangaze mwisho wake, na mkimbiaji akaendelea kuruka vitu ambavyo havipo.

Kati ya maonyo, zungumza mambo mengine au nyamaza kadiri anavyopenda. Wako wanaotaka kuelezwa mandhari: kwamba mlima leo umefunguka, kwamba mama anauza uji penye mwembe, kwamba watoto wa shule wanapunga mikono. Wako wanaotaka kusikia miguu yao tu. Muulize, na umuulize tena siku nyingine, kwa sababu watu hubadilika kulingana na siku.

Barabara zetu

Pita njia nzima mwenyewe kabla ya kumpeleka mtu, tena saa ileile mtakayokimbia, kwa maana barabara ya saa kumi na mbili asubuhi siyo ile ya saa mbili. Tafuta mahali ambapo bega la barabara ni pana na limesawazishwa, mitaro imefunikwa au iko mbali, na bodaboda hawana kijiwe. Nguzo zilizosimikwa katikati ya njia ya waenda kwa miguu, vyuma vinavyoshikilia nguzo za umeme, matawi yaliyoinama kimo cha uso, mabango ya biashara yaliyowekwa juu ya vigingi: vyote hivyo wewe huvioni tena kwa sababu umezoea kuvikwepa bila kufikiri. Sasa unatakiwa uvione. Hatari ya kimo cha kichwa inastahili uangalifu wa pekee, kwa sababu hata fimbo nyeupe huwa haiigusi.

Kwetu Tanzania, Kenya na Uganda magari hupita kushoto, hivyo anayekimbia bila njia maalumu ya miguu hukaa kulia, akielekeana na magari yanayokuja. Mwongozaji akae kushoto kwa mkimbiaji, yaani kati yake na magari. Tatizo la mpangilio huo ni kwamba mkimbiaji ndiye anayebaki upande wa mtaro, na nimeona waongozaji wakilikwepa gari kwa kusogea kulia bila kukumbuka kwamba mwenzao hana pa kusogea. Hesabu upana wa watu wawili na nafasi ya hatua moja zaidi kulia kwake. Nafasi hiyo isipokuwepo, punguzeni mwendo, mwambie "finyu," mpite kwa kufuatana, hata kama ni kwa kutembea. Hakuna muda wa mazoezi unaostahili kuokolewa kwa kupita mahali pembamba kwa kasi. Kwenye kipilefti na makutano makubwa, simameni, shikaneni mikono, vukeni kwa kutembea.

Vaeni nguo za rangi kali, na reflekta ikiwa bado giza. Baadhi ya wakimbiaji hupenda fulana yenye maandishi mgongoni yanayosema kwamba haoni, kwa kuwa madereva na wakimbiaji wengine huwapa nafasi. Wengine hawataki kutangazwa hivyo. Uamuzi ni wao. Fulana ya mwongozaji yenye neno MWONGOZAJI huwa inatosha kwa wengi.

Usisahau kwamba mbio hazianzii pale mnapokutania. Zinaanzia nyumbani kwake, na safari ya kutoka nyumbani hadi uwanjani gizani, kwa bodaboda au daladala, ndiyo inayowakatisha tamaa watu wengi kuliko kilomita zenyewe. Panga kukutana karibu naye, au mtu wa kikundi ampitie. Kikundi kinachotangaza kwamba kinakaribisha wote lakini kinakutana mahali ambapo asiyeona hawezi kufika peke yake, kwa kweli hakijamkaribisha.

Jua, na wenye ualbino

Watu wengi wenye ualbino wana uoni hafifu, na mwanga mkali unawapunguzia hata ule walio nao. Baadhi yao hawahitaji kamba hata kidogo. Wanahitaji mtu wa kukimbia mbele yao hatua chache akiwa na fulana ya rangi moja kali, na sauti ya kuwaonya penye mashimo. Kwao uchaguzi wa saa ni muhimu kuliko uchaguzi wa njia: mapema baada ya kupambazuka, au jioni jua likiwa limepoa. Lakini giza totoro la alfajiri nalo lina taabu yake kwa mwenye uoni hafifu, kwa hiyo subirini mwanga wa kutosha.

Mikono mirefu myepesi, kofia yenye ukingo mpana unaofunika hata shingo na masikio, miwani ya jua, na mafuta ya kukinga jua yaliyopakwa kabla ya kutoka na kurudiwa mbio zinapokuwa ndefu, si mapambo. Saratani ya ngozi ni hatari ya kweli kwa wenye ualbino katika ukanda wetu. Huko Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, ulianzishwa utengenezaji wa mafuta yaitwayo Kilisun kwa ajili yao hasa. Mratibu wa mbio anayeweka mafuta ya kukinga jua kwenye meza ya maji amefanya jambo la maana kuliko hotuba ya ufunguzi.

Njia za milimani

Kwenye vijia vya Usambara, Uluguru au miteremko ya Kilimanjaro kamba haifai, kwa sababu njia ni ya mtu mmoja. Hapo mwongozaji hutangulia, na asiyeona hufuata akiwa ameshika mkanda wa begi la mwongozaji, au wote wawili wanashika fimbo moja ndefu, kila mtu na ncha yake, ili kupanda na kushuka kwa ncha ya mbele kumwambie wa nyuma umbo la ardhi kabla hajafika. Wenye uzoefu hupendelea fimbo mbili zao wenyewe za kupimia, na sauti ya kufuata. Mmarekani Erik Weihenmayer, asiyeona, ambaye alipanda Kilimanjaro mwaka 1997 na kufika kilele cha Everest mwaka 2001, hufuata mlio wa kengele ndogo inayobebwa na anayemtangulia. Kengele ya mbuzi au njuga iliyofungwa kwenye begi inafanya kazi hiyohiyo.

Kushuka ni kugumu kuliko kupanda. Anayepanda hugusa ardhi mapema, mguu ukiwa bado juu. Anayeshuka huutuma mguu kwenye hewa asiyojua kina chake. Mteremko upewe muda mara mbili ya mliopanga, na kila kidaraja kitajwe kimo chake: "cha kifundo," "cha goti." Misuli ya mapaja ikichoka, pumzikeni kabla haijaanza kutetemeka. Kuhusu upepo na mvua, jueni kwamba vinazima sauti, na asiyeona aliyeondolewa sauti amepungukiwa mara ya pili. Mvua kubwa ikianza, simameni msogeleane.

Siku ya mashindano

Mbio kubwa za kwetu zimezoea kuwa na washiriki wenye ulemavu. Kilimanjaro Marathon ya Moshi na mbio za Nairobi zimewahi kuwa na vipengele vya wanaotumia viti vya magurudumu, na mbio za Nairobi zenyewe zilihusishwa tangu mwanzo na uchangishaji wa fedha za kuzuia upofu. Hata hivyo usichukulie kwamba waandaaji wamekuandalieni kila kitu. Waandikieni mapema, mkieleza kwamba mtakimbia wawili kwa kamba, waulizeni kama mwongozaji atapewa namba yake, na ombeni nafasi ya kuanzia pembeni au dakika chache kabla ya umati. Kuanza katikati ya maelfu ya watu, viwiko kila upande na wengine wakiwa na vifaa vya muziki masikioni, ndiyo sehemu ngumu kuliko zote.

Ukitaka mashindano rasmi ya riadha ya watu wenye ulemavu, jua madaraja yake. T11 ni kwa wasioona au wanaoona mwanga tu. Hawa hukimbia na mwongozaji na hufunikwa macho kwa kitambaa kisichopenyeza mwanga, ili wote wawe sawa. T12 wana uoni kidogo na huamua wenyewe kama wanataka mwongozaji. T13 wanaona zaidi na hukimbia peke yao. Mwishoni, mkimbiaji lazima avuke mstari kabla ya mwongozaji wake. Jizoezeni hilo mapema, kwa kuwa mwongozaji mwenye furaha hujikuta akiinua mikono na kurusha kifua mbele, na matokeo ya mwenzake yanafutwa.

Kwenye vituo vya maji, mweleze hatua hamsini kabla. Wewe ndiye utakayechukua maji, punguzeni mwendo, mwekee chupa mkononi ikiwa imeshafunguliwa, na umwambie ni maji au kinywaji cha sukari. Baada ya kituo barabara hutapakaa vikombe, vifuniko na maganda ya ndizi. Sema "inua" mpaka mvuke eneo hilo lote. Unapowapita watu, paza sauti mapema: "Mkimbiaji asiyeona, kushoto!" Watu wengi watapisha kwa moyo mweupe, wakati mwingine kwa makofi.

Akianguka

Achia kamba, simama upande wa magari, na uwaashirie wanaokuja. Usimnyanyue. Mtu aliyeanguka bila kuona amepoteza si mizani tu bali hata mwelekeo, na kuvutwa ghafla na mikono asiyoijua kunamzidishia hofu. Taja jina lake, mwambie uko upande gani, mwambie ameangukia nini na kwamba magari yamesimama, kisha muulize panapouma. Anapokuwa tayari, mpe mkono ashike yeye. Watu wa karibu watakimbilia kumbeba, na watakulaumu wewe kwa sauti kubwa; wajibu kwa upole kwamba anajisimamia mwenyewe, na uendelee kumsikiliza yeye. Akisema twende, muondoke kwa kutembea kwanza. Mkifika, zungumzeni kilichotokea bila kufichana: kama neno lilichelewa, liseme, na mpange namna ya kulitoa mapema zaidi.

Kutafuta wenzenu

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya, Uganda na Tanzania zimeuridhia, unatamka katika kifungu cha 30 haki ya kushiriki michezo na burudani kwa usawa na wengine. Mnapoomba uwanja wa halmashauri au mnapozungumza na waandaaji wa mbio, kitajeni kifungu hicho. Ombi lenye msingi husikilizwa tofauti na ombi la hisani. Wakimbiaji mtawapata kupitia matawi ya Chama cha Wasioona Tanzania na vyama vya aina hiyo katika nchi jirani, na katika shule kama Buigiri mkoani Dodoma au Shule ya Wasioona ya Thika nchini Kenya, ambako wamo vijana wenye kasi wasio na mtu wa kushika ncha ya pili ya kamba.

Kila mkimbiaji awe na waongozaji wasiopungua watatu. Mmoja ataugua, mwingine atasafiri kikazi, na mtu ambaye mazoezi yake yanategemea simu ya mtu mmoja asubuhi hiyo hajawa mwanamichezo mwenye ratiba yake. Wekeni zamu kwenye karatasi au kwenye kundi la simu, mwenye mbio mwenyewe ndiye aipange, na asiyeweza kufika atoe taarifa usiku wa kuamkia siku hiyo, si saa kumi na moja alfajiri wakati mwenzake ameshavaa raba na amekaa kibarazani akimsubiri.